Kumfundisha kiranja kusema neno zito

Ingia darasa lolote la kidato cha tatu siku ya kipindi cha uongozi, utakuta ubaoni orodha ile ile: kiongozi bora awe mwaminifu, mwadilifu, mnyenyekevu, msikilizaji, mwenye maono. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, madaftari yanafungwa. Usiku huo huo, saa nne kasorobo, kapteni wa bweni anasimama katikati ya safu mbili za vitanda. Kufuli ya sanduku la mtu imevunjwa, sukari na sabuni hazipo, na anayeshukiwa ni rafiki yake waliyetoka naye kijiji kimoja. Ile orodha haimwambii aanze na neno gani. Basi anafanya alichoona waliomtangulia wakifanya: anafokea bweni zima, au ananyamaza na kesho yake kupeleka majina ofisini.

Uongozi unafundishika, ila haufundishiki kwa vivumishi. Unafundishika kwa kumzoeza mwanafunzi jambo moja ambalo viranja wengi hulikwepa: kumkalia mtu ana kwa ana, kumwambia neno asilotaka kulisikia, na kesho yake wakakutana kwenye foleni ya uji wakasalimiana. Mwanafunzi akiliweza hilo, zile sifa tano za ubaoni zitakuwa zimeonekana zenyewe. Asipoliweza, hata akizikariri zote, bado atatawala kwa filimbi na daftari la majina.

Utaratibu ninaoueleza hapa unachukua vipindi sita vya dakika 40, na unafaa kundi la wanafunzi 24 hadi 30. Idadi hiyo inalitosha baraza la wanafunzi katika shule nyingi za Nakuru, Kisumu au Kakamega. Unafaa pia Gredi ya 10, kwa kuwa mawasiliano na ushirikiano ni mojawapo ya umilisi saba wa msingi katika mtaala wa sasa wa Kenya. Usijaribu kuubana wote katika semina ya Jumamosi moja. Ujuzi huu unahitaji siku za katikati, mwanafunzi ajaribu, akosee, arudi.

Kipindi cha kwanza ni cha kugeuza sifa kuwa vitendo. Mpe kila mmoja robo ya karatasi na dakika 10. Achague sifa moja na aandike kitendo ambacho mtu mwingine angeweza kukishuhudia. "Mwaminifu" haitoshi. "Alilomwambia mwalimu wa zamu ndilo alilotuambia bwenini" inatosha. "Mwenye haki" haitoshi. "Rafiki yake alichelewa akapewa zamu ya kufagia kama sisi" inatosha. Raundi ya kwanza zaidi ya nusu wataandika vivumishi vingine, "anajali", "ana heshima". Warudishie bila kuwakemea na uulize swali moja: ukimwona kwa mbali, usisikie sauti yake, ungejuaje? Baada ya raundi mbili kundi litakuwa na vitendo 20 hivi, na karibu vyote vitahusu wakati ambapo kiongozi alikuwa na jambo gumu la kumwambia mtu. Hapo somo limejileta lenyewe.

Kipindi cha pili, kusanya mazungumzo yanayowasumbua. Karatasi ndogo, bila jina la mwandishi wala la mtu anayetajwa, zikunjwe, zitiwe kwenye kopo. Zisome mwenyewe kwanza kabla ya kuzisoma kwa sauti. Hili si la hiari, na sababu yake nitaifikia. Kisha zipange mafungu matatu: ya kwenda juu (kwa mwalimu, kwa mzazi), ya kwenda chini (kwa wadogo), na ya pembeni, yaani kwa mwenzako wa darasa moja. Wengi hudhani ya kwenda juu ndiyo magumu zaidi. Ukiwauliza wayapange kwa uzito, ya pembeni ndiyo hutangulia. Kumwambia mwalimu mkuu kwamba maharagwe yana fukusi ni kugumu, lakini unaondoka ofisini yamekwisha. Kumwambia rafiki yako kwamba umeona simu chini ya godoro lake ni kulala naye bweni moja mpaka muhula uishe, huku wenzako wakikuita msaliti. Kwa hiyo nusu ya mazoezi yote iwe ya pembeni.

Sasa hatua zenyewe. Ni tano, na ninazieleza kwa urefu kwa sababu makosa hujificha ndani yake.

Kabla ya kukutana, mzungumzaji aandike sentensi moja tu inayosema alichokiona au kukisikia, ikiwa na siku na saa. Kipimo chake ni kamera: kingeonekana kwenye picha? "Unatudharau" hakuna kamera inayoweza kukipiga. "Jumatatu na Jumatano prepu ya kujisomea ilianza saa moja, wewe uliingia saa moja na dakika 20" inapigika. Maneno ya kufutwa kwa wino mwekundu ni "kila siku", "siku zote", "huwa" na "nyinyi". Ukimwambia mtu "kila siku unachelewa", ataacha jambo lenyewe na kuanza kukukumbusha Ijumaa ile aliyowahi. Atakuwa na haki. Anayeshindwa kuiandika sentensi hiyo bado hana jambo la kusema, ana hasira tu, na angoje.

La pili ni mahali na wakati. Wanafunzi washike kanuni hii: waonekane, wasisikike. Chini ya mti ulio pembezoni mwa uwanja panafaa. Stoo ya michezo iliyofungwa mlango haifai, hasa kwenye shule ya wavulana na wasichana, kwa kuwa hata mazungumzo safi yatazaa uvumi. Kwenye foleni ya chakula pasiguswe kabisa. Mtu mwenye njaa anayeaibishwa mbele ya watu 60 hawezi kukubali kosa hata akitaka, maana anachotetea pale si kosa tena, ni uso wake. Kuhusu wakati, angoje angalau mlo mmoja upite baada ya tukio, lakini asivuke siku mbili. Jambo likilala wiki nzima bweni zima litakuwa limekwisha kulijadili, na mhusika atalisikia kwa wengine kwanza.

La tatu ni kufungua. Kwetu huwezi kumvamia mtu bila salamu, na hilo ni zuri. Tatizo ni salamu zinazorefushwa kwa woga: habari ya nyumbani, habari ya mechi, umesomaje, halafu ghafla kombora. Anayesikiliza huona ametegewa. Salamu moja ya kweli, kisha jambo litajwe ndani ya sekunde 20: "Nimekuita kwa jambo ambalo kwangu si rahisi kulisema. Jana usiku baada ya taa kuzimwa niliona mwanga wa simu kwenye kitanda chako." Hapo anyamaze. Asiongeze "sijui kama ni kweli", asiongeze "si mimi, ni watu wanasema". Kujificha nyuma ya watu ndiko kunakoligeuza neno kuwa umbea.

La nne ndilo linaloshinda wengi, na watu wazima tumo. Aulize "Ilikuwaje?" na asiulize "Kwa nini ulifanya hivyo?" Maswali haya mawili yanaonekana ndugu, lakini "kwa nini" kwa masikio ya mwanafunzi ni sauti ya ofisi ya naibu mwalimu mkuu, na jibu lake ni utetezi. "Ilikuwaje" inaomba habari. Baada ya kuuliza ahesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema neno jingine. Kwenye mazoezi karibu wote huvunja ukimya wakiwa hawajafika tano, na mwenzake alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Kisha arudie alichosikia: "Unasema simu uliileta kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa, na ulitaka kujua hali. Ni hivyo?" Wanafunzi watapinga kwamba kurudia maneno ya mtu ni kumkubalia. Waonyeshe tofauti: kurudia ni kumthibitishia kwamba neno lake limefika, hukumu bado haijatajwa.

La tano ni ombi moja, linalopimika, lenye tarehe, na lenye sehemu ya mzungumzaji mwenyewe. "Badilika" si ombi. "Kesho kabla ya gwaride uipeleke simu kwa mwalimu wako wa darasa, nami nitakusindikiza uombe kuwa unapiga simu nyumbani kupitia ofisini" ni ombi. Wapange pia siku ya kuonana tena, ndani ya siku saba. Bila siku hiyo mazungumzo huwa tishio lililopita, na wote wawili hubaki wakikwepana korido nzima.

Mambo matatu hutokea katikati, na kila moja lifanyiwe zoezi lake. Mwenzake akipandisha sauti, mzungumzaji ashushe yake na waketi kama walisimama. Asiposhuka, aseme: "Naona limekuuma. Tuonane kesho baada ya chakula cha mchana," na kesho aende kweli. Akilia, anyamaze naye, asimkatize kwa "basi, basi, yaishe", kwa sababu jambo halijaisha na wote wanajua. La tatu ndilo la mara nyingi zaidi: "Hata wewe juzi ulichelewa." Kiranja aliyejengwa kwa cheo hukana. Aliyefundishwa hujibu: "Ni kweli, nilichelewa, na hilo tutalizungumza. Kwanza tumalize hili." Ile "ni kweli" hupunguza joto zaidi ya hoja yoyote.

Kipindi cha tatu na cha nne ni mazoezi ya watatu watatu: mzungumzaji, mwenzake na mtazamaji. Dakika 4 za kuzungumza, 3 za maoni, 1 ya kubadilishana nafasi. Raundi tatu zinakula dakika 24, na dakika 16 zinabaki za kuanzia na kujadili. Mtazamaji apewe kazi nyembamba: aandike maneno yenyewe, sentensi iliyomfungua mwenzake na sentensi iliyomfunga. Ukimwacha atoe maoni yake atasema "ulijaribu" au "ulikuwa poa", na hakuna anayejifunza hapo.

Kitu cha kwanza kitakachoharibika ni vichekesho. Wanafunzi wetu wamekulia kwenye maigizo ya tamasha za drama, na mmoja akipewa nafasi ya mkosaji ataibeba kwa mbwembwe mpaka darasa zima ligeuke hadhira. Dawa yake ni kadi ya siri kwa anayeambiwa: "Karo yako haijalipwa na unaogopa kurudishwa nyumbani," au "Wewe hukufanya, ila unamjua aliyefanya." Mzungumzaji haijui kadi hiyo. Mchezo unakufa papo hapo, kwa sababu mwenye siri ana kitu cha kulinda, na mzungumzaji hugundua kwamba asiposikiliza hatakifikia. La pili: waigize kisa kile kile mara mbili. Mara ya kwanza wanakosea, mara ya pili wanasahihisha, na ujuzi unakaa katika mara ya pili. Walimu wengi wanaruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza visa vingi. Visa vitatu vilivyorudiwa vinamtosha mwanafunzi kuliko tisa vilivyopitiwa mbio. La tatu, usiite jozi bora mbele mapema. Ukifanya hivyo wengine wote wataiga sauti na maneno yake, utasikia mazungumzo mamoja yakirudiwa mara kumi.

Visa vitungwe. Kisa kinachoendelea shuleni, hata ukibadilisha jina, kila mtu atakitambua.

Na fikiria mvua. Kakamega na Bungoma mvua hupenda kupiga alasiri, na chini ya paa la mabati hakuna mtu atakayesikia sentensi iliyosemwa kwa upole. Wanafunzi watapiga kelele ili wasikike, na zoezi zima la kushusha sauti limepotea. Kisumu adui ni joto la saa nane mchana. Omba vipindi vya asubuhi, au watoe nje kwenye veranda na chini ya miti, kundi na kundi waachane hatua 5.

Lugha nayo ina uzito ambao ratiba haiuoni. Shule nyingi zinalazimisha Kiingereza siku nyingi za wiki, basi mwanafunzi anatakiwa aseme jambo gumu kuliko yote kwa lugha ya tatu. Anachokipata ni maneno ya ofisini, makavu. Mruhusu afanye mazoezi kwa Kiswahili, hata chenye Sheng ndani yake, mpaka hatua zimkae, kisha arudie kwa Kiingereza kama kisa ni cha kwenda ofisini. Lugha ya mama iangaliwe kwa makini zaidi. Wawili wanaozungumza Kijaluo au Kiluhya peke yao hawana kosa, lakini kiranja akimgeukia mmoja kati ya watatu kwa lugha ambayo wa tatu haijui, huyo wa tatu hatamwamini tena, hata kama kilichosemwa kilikuwa "funga mlango".

Utani wa makabila ndio mazungumzo magumu ya pembeni yanayohitaji kipindi chake chote, cha tano. Nakuru darasa moja lina watoto wa Kikuyu, Kalenjin, Kisii, Luo na Luhya, na mji huo, kama Kisumu, ulimwagikiwa damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa, ila wazazi wao wanakumbuka nani alikuwa jirani. Ndiyo maana kiranja anapaswa kujua la kusema mtu anapoitwa kwa jina la kejeli la kabila lake na bweni linacheka. Asihutubie bweni. Aseme sentensi moja hapo hapo, "Jina hilo hapa hatuitani", bila tabasamu, kisha amwite msemaji pembeni baadaye kwa hatua zile tano. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo neno la kwanza lisemwe hadharani. Aliyetukanwa mbele ya watu anahitaji kusikia mbele ya watu kwamba hayuko peke yake.

Katika kipindi hicho hicho tumia usuluhishi wa mwaka 2008 kama kisa cha kuchambua. Kofi Annan, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliwafanya wajumbe wa pande mbili wakubaliane kwanza juu ya ajenda nne. Ya kwanza ilikuwa kusimamisha ghasia, ya pili kuwafikia waliofurushwa na walioumia, ya tatu mzozo wa kisiasa wenyewe, na ya nne yale ya kale kama ardhi na ukosefu wa kazi kwa vijana. Waulize wanafunzi: kwa nini nani alishinda uchaguzi halikuwa la kwanza? Watafika wenyewe kwamba watu huanza na jambo ambalo hakuna anayeweza kulikataa akiwa na uso. Katikati ya Februari wajumbe walihamishwa kutoka Nairobi hadi Kilaguni, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, mbali na kamera. Hilo ni lile la mahali na wakati. Na vikao vilipokwama, Februari 26, Annan alivisimamisha akaenda kwa Mwai Kibaki na Raila Odinga wenyewe, wagombea wawili waliozozania ushindi, na siku mbili baadaye mkataba ukatiwa saini nje ya Harambee House. Hapo wanafunzi wajadili: unajuaje kwamba unayezungumza naye hana uwezo wa kukupa unachoomba? Kiranja anayebishana na mpishi kuhusu kiasi cha nyama, wakati kiasi hicho kimepangwa na bodi, anapoteza jioni yake na kumwonea mpishi.

Swali hilo linatupeleka kwenye mazungumzo ya kwenda juu, kipindi cha sita. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule. Wanafunzi wengi hawajui. Wafundishe waende wawili, asiende mmoja: mmoja aseme, mwingine aandike. Wawe na karatasi ya ukurasa mmoja yenye jambo moja, mifano mitatu yenye tarehe, na mapendekezo mawili, mojawapo lisilogharimu pesa. Waanze kwa heshima ya kawaida, "Mwalimu, tunaomba dakika kumi", na wakipewa kumi wasitumie kumi na moja. Wasiseme "wanafunzi wote wamekasirika", kwa sababu hiyo ni harufu ya mgomo, na mwalimu mkuu ataacha kusikia maharagwe aanze kusikia moshi.

Hapa nina neno kwa walimu wenzangu, na nalisema nikiwa na uchungu nalo. Ukiwafundisha watoto kusema vizuri halafu wakija usiwajibu, umewafundisha kwamba kusema vizuri hakusaidii. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini ziliteketezwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mtoto aliyejibiwa ana jambo la kupoteza. Mjibu ndani ya siku saba. Jibu la "hapana, kwa sababu bajeti ya muhula imefungwa, tutalitazama Januari" ni jibu kamili. Kimya si jibu. Na asiandamwe aliyekuja: kumhamisha bweni au kumvua cheo wiki iliyofuata kutasomwa na shule nzima, hata kama sababu ilikuwa nyingine.

Na ile sababu ya kuzisoma karatasi za kopo mwenyewe kwanza. Kati yake inaweza kuwamo inayosema mtu anaguswa bila hiari yake, mtu anataka kujidhuru, mtu anapanga kuwasha moto, au msichana ana mimba na anaogopa kufukuzwa. Haya si mazungumzo ya kiranja. Mwambie wazi tangu siku ya kwanza: kazi yako hapa ni kusikiliza, kutoahidi siri, na kumfikisha kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo, mkiwa pamoja. Sentensi ya kukariri ni hii: "Asante kwa kuniambia. Hili ni kubwa kuliko mimi, siwezi kulificha, lakini sitakuacha uende peke yako." Mhusika akiwa ni mtu wa shule hiyo hiyo, nambari 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bila malipo saa 24, na iandikwe ubaoni kwenye kila bweni kwa maandishi makubwa.

Baada ya vipindi sita, kila kiranja apewe daftari dogo lenye safu tatu: tarehe, sentensi ya kamera, siku ya kuonana tena. Asiandike jina la mtu. Mlezi wa baraza alipitie kila Ijumaa ya pili na atazame safu ya tatu peke yake. Ikiwa imejaa, mwulize waliongea nini mara ya pili. Ikiwa tupu, mrudishe chini ya mti na kadi ya siri, arudie mara moja zaidi.